Madaktari wa Cardale na Bwana Mganga wa Kwetu



Wapendwa waamini, juma hili hatutafafanua masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Waliosikia mahubiri Jumapili wanajua kwamba tulikwisha kusema mengi kupita kiasi, na mzee mmoja wa baraza alituonyesha saa yake bila kuficha. Leo tunataka kuzungumza juu ya tamthilia ya televisheni. Tunajua wako watakaoguna, maana ni sisi wenyewe tuliowakemea vijana wa kwaya mwezi uliopita kwa kuchelewa mazoezini kwa sababu ya tamthilia za jioni. Waguno na wagune, ila wasituache njiani.

Tamthilia yenyewe ni ya Kiingereza na jina lake ni Peak Practice. Ilianza kuonyeshwa na shirika la televisheni la ITV nchini Uingereza mwezi Mei mwaka 1993, ikaendelea kwa misimu 12 hadi Januari 2002. Aliyeibuni ni mwandishi Lucy Gannon, mama ambaye kabla ya kushika kalamu alikuwa amefanya kazi ya uuguzi, na jambo hilo huonekana: wagonjwa wake hawafi kwa maneno mazuri, na vitanda vyao vina mikunjo. Habari yake ni ya madaktari wachache walioshirikiana kuendesha kliniki katika kijiji kiitwacho Cardale. Kijiji hicho hakimo katika ramani yoyote. Picha zilichukuliwa katika kijiji cha Crich, mkoani Derbyshire, na katika miaka ya mwisho wakahamia Longnor, huko Staffordshire. Ni nchi ya vilima, kondoo, na kuta ndefu za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Mtu aliyekulia milimani hawezi kuitazama bila kukumbuka kwao.

Sisi tuliiona ikiwa imekwisha kuzeeka. Tulipokuwa masomoni Ulaya, wakati wa likizo ya kiangazi tulitumwa kusaidia katika parokia moja ya mashambani nchini Uingereza, ili paroko wa pale, mzee aliyekuwa na maradhi ya moyo, apate kupumzika. Nyumba ya mapadre ilikuwa kubwa na kimya. Waamini walikuwa wachache na wema, lakini hawakuwa na desturi ya kupita jioni kusalimia, nasi tulikuwa tumezoea nyumba ambayo mlango wake haufungwi hadi saa nne usiku. Mama mmoja mjane aliyekuwa akitupikia mara tatu kwa juma aliona upweke wetu, akatuletea kasha la DVD. Mama huyo alikuwa amefanya kazi ya karani wa mapokezi katika kliniki ya madaktari wa kijijini kwa zaidi ya miaka ishirini. Akasema, "Padre, tazama hizi, utawajua watu wetu. Lakini usiamini kila kitu."

Akawa anakaa nasi akitazama, na kila mara anatoa hukumu. Daktari akiketi nusu saa kitandani kwa bibi mmoja akimshika mkono, mama anacheka: "Na wale ishirini na tano wanaokohoa pale kwenye benchi nani anawaona?" Kwao, alitueleza, mgonjwa hupangiwa kama dakika kumi, na karani ndiye anayepokea hasira za wote waliokosa nafasi. Tunakiri kwamba tulijifunza zaidi kutoka kwake kuliko kutoka kwa waigizaji.

Ni vema tueleze kidogo utaratibu wao, maana bila huo hadithi haieleweki. Tangu tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ina huduma ya afya ya taifa, ambapo mgonjwa hamlipi daktari mkononi. Kila mtu hujiandikisha kwa daktari wa familia wa karibu naye. Daktari huyo hutunza kumbukumbu zake, humtibu magonjwa ya kawaida, na ndiye anayemwandikia kwenda hospitali kubwa akizidiwa. Lakini madaktari hao wengi wao si waajiriwa wa serikali kama waganga wetu. Ni washirika wenye kliniki yao, nayo serikali huwalipa kwa mkataba, na sehemu kubwa ya malipo hufuata idadi ya watu walioandikishwa kwao. Kwa hiyo mgonjwa akihamia kwingine, huondoka na fedha yake. Ndiyo maana tamthilia inapoanza tunaikuta kliniki iitwayo The Beeches ikiwa taabani. Kijijini kimefunguliwa kituo kipya chenye vifaa vya kisasa na watu wanahamia huko. Wamebaki madaktari wawili, Beth Glover, aliyeigizwa na Amanda Burton, na Will Preston, aliyeigizwa na Simon Shepherd, nao wanatafuta mshirika wa tatu.

Mshirika huyo wanampata, na hapo ndipo sisi tulipokaa sawasawa kitini: anatoka Afrika. Ni Dokta Jack Kerruish, aliyeigizwa na Kevin Whately, yule ambaye Waingereza walikuwa wamemzoea kama sajini wa polisi katika Inspector Morse. Amekuwa akitibu watu Afrika, sasa amerudi nyumbani, ana hasira za haraka, hapendi makaratasi, na hupigania mgonjwa wake hadi anagombana na wenzake. Beth anagombana naye kuliko wote, na baadaye wakaoana, kama ilivyo ada ya tamthilia.

Hatukasiriki kwamba Afrika imetumiwa hapo kama tanuru la kumwivisha shujaa. Wazungu wengi wamekuja kwetu kwa moyo safi na wengine wamezikwa kwetu. Sisi tulibatizwa na mmoja wao. Ila tulimwuliza yule mama, nusu kwa utani, "Na mgonjwa wake wa mwisho kule Afrika, siku Dokta Jack alipopanda ndege, alibaki na nani?" Mama alifikiri kidogo, akasema kwamba katika miaka yote hakuwahi kujiuliza swali hilo. Nasi tulinyamaza, kwa sababu jibu tulikuwa tunalijua. Alibaki na mtu kama baba yetu.

Wengi wenu hamkumfahamu marehemu baba. Alikuwa mganga msaidizi wa vijijini, mmoja wa vijana wengi waliofundishwa katika miaka ya sabini, baada ya Azimio la Arusha, taifa lilipoamua kupeleka zahanati vijijini badala ya kuongeza hospitali za mijini peke yake. Alisoma miaka mitatu baada ya shule ya msingi. Kwa cheti hicho akapewa zahanati katika bonde la Ruhuhu, pamoja na muuguzi mmoja, jokofu la mafuta ya taa lililokuwa likizimika ovyo, na vijiji kadhaa vya pande zote mbili za mto. Watu walimwita Bwana Mganga. Hata mama yetu, mbele za wageni, alimwita hivyo. Hakuwa na simu, gari wala karani wa mapokezi. Karani wake ilikuwa ni sisi watoto: mtu akibisha usiku, mkubwa wetu anaamka, anauliza mgonjwa ni nani, anaumwa nini, ametoka wapi, kisha ndipo mzee anaamshwa. Akiisha kuamka havai viatu vya mchana. Huvaa mabuti ya mpira, hutundika taa ya chemli kwenye usukani wa baiskeli, na mkoba wa dawa huufunga nyuma kwa mpira.

Sasa, wapendwa, tufike tunapoogopa kufika. Usiku mmoja wa mwaka 1991, msimu wa masika, mzee aliitwa ng'ambo ya mto kwa mama aliyejifungua na kondo la nyuma likakwama. Nyumbani aliacha mdogo wetu wa kike, mwenye umri wa miaka minne, ana homa tangu alasiri. Saa saba za usiku mtoto akashikwa na degedege. Mama alimfunga mgongoni akakimbia naye zahanati kwenye mvua, akakuta mlango umefungwa, maana funguo mzee alikuwa nazo na muuguzi alikuwa amesafiri kwenda kupokea mshahara wilayani. Tulisimama pale barazani, mama, kaka yetu, na sisi tukiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, tukimsubiri mganga ambaye alikuwa baba yetu. Alirudi alfajiri. Mtoto alipelekwa hospitali ya misheni kwa lori la mahindi. Hakufa, lakini alirudi haisikii sauti yoyote, na hadi leo hasikii.

Hakuna aliyemlaumu mzee kwa maneno. Mama hakusema kitu. Sisi ndio tuliohukumu moyoni, na hukumu hiyo tulikwenda nayo seminari ndogo, tukapanda nayo seminari kuu, na tukaja kupadirishwa nayo. Tumewahi kuhubiri mbele yenu juu ya msamaha, zaidi ya mara moja, tukiwa na hukumu hiyo mfukoni. Wengi huona fahari kusema kwamba wito wao ulianzia katika nyumba ya wazazi. Kwetu sisi, kwa sehemu, wito ulikuwa pia njia ya kuondoka katika nyumba ile.

Basi kule Uingereza, miaka zaidi ya ishirini baadaye, tukawa tunatazama Peak Practice na mama mjane na sahani ya biskuti. Kinachofanya tamthilia ile ipite nyingine za madaktari, kwa maoni yetu, si wagonjwa. Wagonjwa huja na kuondoka, kila juma na ugonjwa wake, na mara nyingi ndani ya saa moja ugonjwa unajulikana na mtu anarudi shambani. Kinachobaki ni nyumba za madaktari. Simu inalia wakati wa chakula cha jioni. Mke wa Dokta Will anaishi na mume ambaye akiwa nyumbani yuko kwa wagonjwa, na akiwa kwa wagonjwa anahesabu madeni. Ndoa ile inachakaa taratibu mbele ya macho yetu hadi inavunjika, wala hakuna mhusika hata mmoja anayeweza kuitwa mbaya. Tulimwona mke akitazama mlango uliokwisha kufungwa, na ghafla tukamwona mama yetu, aliyeutazama mlango kama huo miaka thelathini akiwa na haki ya kusema na asiseme. Tulitoka sebuleni kwa kisingizio cha kusali masifu ya jioni, na masifu tulikuwa tumekwisha kuyasali.

Juma lile tulimpigia mzee simu. Alikuwa amestaafu, anafuga kuku. Tangu tulipopadirishwa alituita Padre, hata pale tulipotamani atuite kwa jina. Tulimwuliza habari za usiku ule, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumejiandaa kusikia kwamba wajibu ni wajibu, na kwamba mama wa ng'ambo angekufa. Hakusema hivyo. Alisema: "Padre, homa ya mdogo wako niliiona tangu jioni. Nilimpa klorokwini kipimo chake, nikaona imeanza kushuka, nikasema nitarudi itakuwa imekwisha. Nilikosea." Kisha akauliza kama huko kuna baridi.

Neno hilo "nilikosea" lilitusumbua kuliko kujitetea kokote, maana tulipolichunguza tuliona kwamba hakukosea kwa namna tuliyodhani. Alifuata kitabu. Klorokwini ndiyo iliyokuwa dawa ya serikali, ndiyo iliyokuwa ikija katika makasha ya dawa ya zahanati, na ndiyo aliyofundishwa. Ila vijidudu vya malaria vilikuwa vimekwisha kuizoea. Dalili hizo zilionekana nchini tangu miaka ya themanini, lakini Tanzania iliiacha rasmi mwaka 2001, ikaingia SP, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kutumika dawa mseto. Mtu mwenye cheti cha miaka mitatu, mbali na barabara, alikuwa akipigana na silaha iliyokwisha kubutuka, wala hakuna aliyemwandikia barua kumwambia. Wangapi aliwapa vidonge vile akaona homa imeanza kushuka?

Katika tamthilia madaktari nao hukosea. Ni moja ya sifa zake. Hata Jack, shujaa mwenyewe, hujiamini kupita kiasi. Lakini kosa la tamthilia lina ukingo: linajulikana, linajadiliwa, mtu analia, na juma linalofuata kuna mgonjwa mwingine. Mama mjane alituambia kwamba katika kliniki yake palikuwa na daktari aliyeacha kazi kwa sababu ya mtoto mmoja ambaye kila mtu alikubali kwamba hakuna aliyekosea juu yake. Habari kama hiyo, akasema, huwezi kuitengenezea kipindi, maana haina mwisho.

Tuseme pia, kwa haki, kwamba ulimwengu ule wa Cardale umepita hata huko kwao. Mwaka 2004 madaktari wa familia wa Uingereza walipewa mkataba mpya uliowaruhusu kuachia huduma za usiku na za mwisho wa juma, na wengi wao waliziachia. Tangu hapo mgonjwa wa usiku hupiga simu na kupokelewa na mtu asiyemjua. Yule mama alisikitika juu ya jambo hilo, kisha akaongeza kwa upole kwamba ndoa za madaktari aliowajua zilipata nafuu. Sisi hatuna uamuzi. Mara nyingi tumeulizwa, hata katika baraza la parokia, kama nasi tusiweke zamu ya dekania kwa wito wa wagonjwa wa usiku, hasa baada ya ajali ile ya pikipiki. Mwaka jana tungesema hapana kwa ukali. Leo tunasema tuzungumze.

Na mkitaka kujua tamthilia ilivyokwisha: haikwisha. Kipindi cha mwisho, mwaka 2002, wahusika wawili wanaporomoka kutoka kwenye genge, kisha maandishi yakapanda, shirika likawa limeifuta. Waliokuwa wakitazama kwa miaka tisa hawakuambiwa kama watu wale walipona. Mama mjane, miaka mingi baadaye, bado alikuwa na hasira.

Mzee alifariki miaka kadhaa baada ya ile simu. Juma lililopita tulikuwa nyumbani kwa mama, tukipanga vitu vyake ambavyo hadi sasa hapakuwa na aliyethubutu kuvigusa. Chini ya sanduku tulikuta daftari zake za wito wa usiku, tano, zimefungwa kwa kamba ya katani. Hatukujua kwamba aliziandika. Tarehe, saa ya kutoka, kijiji, alichokikuta, saa ya kurudi. Mwandiko ni uleule wa kwenye vyeti vya kliniki. Majina hayamo, ameandika "mama", "mzee", "kijana". Tulifungua ya mwaka 1991 na mikono yetu haikuwa imetulia. Ule usiku upo: mama, uzazi, kondo limekwama, limetoka, damu imekatika, salama. Kurudi saa kumi na moja. Na mstari wa chini yake, kwa kalamu ileile: "Mtoto wa kike, miaka 4, kilo 13, degedege. Amekuta mlango umefungwa. Rufaa."

Hakuandika "mwanangu". Tuliusoma mstari huo mara nyingi, tukiwa na hasira kwanza, kisha bila hasira. Amekuta mlango umefungwa: katika daftari zote tano hatukuona tena maneno hayo, na hakuna mkaguzi wa wilaya ambaye angemdai ayaandike.

Mdogo wetu alikuwepo. Sasa ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani mjini, na anasoma midomo vizuri kuliko sisi tunavyosoma Kilatini. Alituona tumeinama muda mrefu, akaja akachukua daftari, akafuata mistari kwa kidole hadi akajikuta. Alitulia. Kisha akatugeukia, akaonyesha ile namba ya kilo, akamwonyesha mama na mgongo wake, akatikisa kichwa kwa huruma kama mtu anayesema, mzigo wote huo, na kwenye mvua. Mama alicheka hadi akashika ukuta. Daftari ameondoka nayo. Hakutuomba, naye kaka, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya vitu vya mzee, hakuthubutu kumzuia.

Misa ya kumwombea mzee itakuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kanisani kwetu. Kamati ya wagonjwa tutakutana baada ya Misa hiyo kuhusu ile zamu ya usiku.

Wenu,
Paroko